Mzee Katikati: Miaka Thelathini na Moja Kwenye Meza ya Usukani

Ijumaa hii, saa kumi jioni, fundi mkuu wa meza ya usukani, ambaye sote tunamwita Mzee Katikati, atavua koti lake la buluu, atalitundika kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni, na hatalivaa tena. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku tisa katika karakana hii ya magari ya rimoti. Umri wa kustaafu haujamfikia, bado miaka minne kamili. Anaondoka mapema kwa barua aliyoiandika mwenyewe, na sababu aliyoitaja katika barua hiyo ndiyo inayomnyima usingizi mwandishi wa wasifu huu.

Mwandishi ni fundi wa meza ya pili, anayeitwa Chapchap kwa sababu ambazo wenzake wote wanazijua, na amekaa bega kwa bega na Mzee kwa miaka tisa. Meneja aliagiza kurasa mbili za kuchangamsha, watu wacheke, na habari ya siku ya maonyesho isiguswe kabisa. Mwandishi akaitikia sawa bosi. Kurasa za kuchekesha zipo, zinaanza hapa chini, na hizo Meneja amezisoma na kuzipitisha. Zinazofuata baada ya hizo hajaziona, kwa sababu anayepeleka karatasi kwenye mashine ya kunakili siku zote ni Chapchap.

Kwa ndugu na majirani mtakaokaa viti vya nyuma kwenye sherehe ya kumuaga mkijiuliza tunazungumzia nini: ndani ya kila gari la rimoti kuna kimota kidogo, kinaenea kwenye kiganja, ambacho kazi yake ni moja tu, kugeuza magurudumu ya mbele. Kinaitwa servo. Ukizungusha usukani wa rimoti, servo inasikia na kugeuza. Isiposikia, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Watu hununua gari kwa sababu ya bodi inayong'aa na injini inayonguruma, halafu servo wanaikumbuka siku gari limeshaingia ukutani.

Mzee aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na mitano, kazi yake kufunga maboksi ghalani. Mwaka huohuo mteja mmoja alirudisha gari lake mara nne, kila mara servo imeungua, na kila mara mafundi wanamwekea nyingine mpya na kumlaumu anavyoendesha. Mara ya nne yule mfunga maboksi akapita na toroli lake, akasimama, akauliza betri ya gari hilo ni ya volti ngapi. Hakuna aliyekuwa ameangalia. Ilikuwa ya volti saba na ushee, na servo zote nne zilitengenezwa kwa volti sita. Jumatatu iliyofuata toroli alipewa mtu mwingine, yeye akapewa kiti kwenye meza ya usukani, na kiti hichohicho, kikiwa kimebadilishwa mito mara tatu, ndicho anachokiacha Ijumaa.

Tangu hapo hakuna mteja aliyenunua servo hapa bila kupita kwenye maswali yake matano. Gari lina kilo ngapi? Matairi yana upana gani? Litakimbia wapi, kwenye zulia, lami au kokoto? Unalipeleka kwa kasi gani? Wateja walijibu haya manne wakiangalia saa zao. Ndipo Mzee anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti, anauliza la tano alilokuwa akilisubiri kwa hamu: sasa hiyo servo itakula nini?

Swali hilo ndilo lililomjengea jina. Umeme wa betri haumwagwi tu kwenye servo. Unapita kwanza kwenye kidude kidogo kinachoupunguza ufike kiasi kinachofaa, kisha kinaugawa, huku kwa servo, huku kwa redio inayopokea amri za rimoti. Sisi hapa tunakiita beki. Servo kubwa ikipewa beki ndogo, siku inageuza tairi pana kwenye sakafu ya kukwaruza inavuta umeme wote peke yake, na redio inabaki na njaa. Redio ikikosa umeme hata kwa sekunde moja inazimia, na gari linakuwa kiziwi. Hapo dereva anaweza kuzungusha rimoti mpaka ateguke kidole. Servo yenye nguvu ni mgeni mlafi, Mzee alikuwa akiwaambia wateja. Kabla hujamkaribisha, chungulia jikoni kwako kuna nini.

Daktari wa meno, ambaye tumemwalika na tunaamini atakuwa kiti cha mbele, aliingia hapa mara ya kwanza akamkuta Mzee amefumba macho, amekandamiza servo kwenye taya. Akamuuliza kwa upole ni jino gani linalomsumbua. Mzee hakufumbua macho. Alinyoosha kidole kumaanisha subiri, kwa sababu alikuwa anasikiliza. Servo nzima hunyamaza ikishafika inapokwenda. Ikiendelea kuunguruma ujue inasukuma kitu kisichosogea, inakula umeme bure, na mwisho itaungua. Masikio hudanganywa na kelele za karakana, taya halidanganywi. Daktari alipoelezwa hayo alicheka mpaka akakaa chini.

Huyohuyo daktari ndiye aliyetaka servo yenye nguvu ya kusukuma kilo thelathini kwa kigari chepesi cha kukimbia kwenye zulia. Mzee akakataa kumuuzia. Akamuuliza kama kule kliniki ameajiri mbeba magunia wa kumfungulia mlango. Akampa servo ya kilo nane, nyepesi, yenye kasi, ambayo beki iliyomo garini iliweza kuilisha bila kuhema. Daktari akaondoka amenuna, Meneja naye akanuna siku mbili. Wiki ya tatu daktari akarudi amekumbatia kikombe cha ushindi, akakiweka juu ya meza ya usukani, na kipo hapo mpaka leo, kinahifadhi skrubu.

Jina la Katikati alijipa mwenyewe bila kujua. Fundi mgeni hupenda kufunga kikono cha servo, kile kinachosukuma magurudumu, kwanza, halafu ndiyo awashe umeme. Servo ikiamka inaruka kutafuta katikati yake, kikono kinagonga, meno ya gia yanasagika. Mzee alikuwa akipiga meza kwa kiganja: katikati kwanza! Washa servo ikiwa tupu, iache ijitafute, itulie, ndipo uifunge kikono kikiwa kimenyooka. Basi neno likamnasa mdomoni. Kiti kimekaa upande, katikati kwanza. Tai ya Meneja imepinda, katikati kwanza. Siku binti yake alipomaliza chuo na mpiga picha akatupanga, Mzee alitoka kwenye mstari mara sita kutusogeza, na katika picha ile kila mtu amekaa sawasawa isipokuwa yeye, ametokea mgongo tu.

Binti huyo ndiye dada yetu wa kaunta, huu ni mwaka wake wa nane. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda ngazi mbiombio kama paka kututeremshia maboksi ya rafu ya juu. Asubuhi walikuwa wanaingia pamoja, baba na bintiye, chupa moja ya chai, vikombe viwili. Mkewe Mzee alikuwa akisema nyumbani hawa wawili wakianza habari za servo yeye huhamia jikoni.

Na sasa nukta nyeupe, ambayo kila aliyefanya kazi hapa anaijua. Gari likishafungwa servo, Mzee aliliweka juu ya mkeka wa mpira wenye kukwaruza, akalipakia matofali mawili mgongoni, akachomeka mita yake ya volti, akazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mara kumi, macho yake yakiwa kwenye mita. Volti zikishuka chini ya tano hata mara moja, gari halitoki. Zikisimama imara, alichovya brashi kwenye rangi nyeupe akaweka nukta moja juu ya skrubu ya kikono. Nukta ile ilimaanisha nimepima. Wateja wengine waliuza magari yao na kumwonyesha mnunuzi nukta kabla ya kitu kingine chochote.

Miaka mitatu iliyopita mikono ya Mzee ilianza kutetemeka. Daktari wa hospitali alimwangalia akamwambia ni mtetemeko wa umri, nguvu za mikono anazo zote, ila asitegemee tena kazi ya mistari midogo. Nguvu anazo zote: mwandishi anamwomba msomaji aliweke hilo akilini. Nukta zikaanza kutoka na mikia. Mzee akacheka, akasema sasa naandika herufi, akampa brashi Chapchap mbele ya wote. Akasema macho na masikio bado ni yake, vidole ataazima. Tangu siku hiyo Chapchap ndiye aliyeshika brashi, na kila mara kabla ya nukta Mzee aliuliza neno lilelile moja, umepima?

Hapa kurasa alizozisoma Meneja zimekwisha. Nilifunga kwa salamu nzuri za kustaafu, nimezifuta. Na naomba niache kujiita mwandishi, kwa sababu anayesimulia kuanzia hapa ni mimi.

Siku ya maonyesho, miezi saba iliyopita, tulikuwa na gari la rimoti la mteja wetu mmoja, dereva wa lori. Wengi mnalikumbuka: gari la petroli, kubwa, kilo kumi na tatu, mngurumo wake unasikika barabarani. Mwenyewe aliliwekea matairi mapana, usukani ukawa mzito, akalileta. Mzee alimuuliza maswali matano, akamchagulia servo ya kilo arobaini, akaandika kwenye kadi ya kazi kwa mwandiko wake wa kutetemeka: beki kubwa, pima kabla ya nukta. Kadi ile nimeitunza miezi yote hii. Nimeikunja na kuikunjua mpaka imechanika katikati.

Servo niliifunga vizuri, katikati kwanza, yote sawa. Nikafungua droo kutoa beki kubwa, droo tupu. Iliyobaki ilikuwa ndani ya gari letu la dirishani, na kuitoa kulitaka nifungue skrubu nane. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, wageni wameshajaa getini, gari linatakiwa uwanjani saa nne. Nikaangalia ile beki ndogo iliyokuwemo tangu zamani. Nikasema moyoni, dakika ishirini tu za maonyesho, itahimili, jioni nitabadilisha. Nikafunga boksi la garini linalositiri beki na redio. Mkeka sikuutandika, matofali sikuyagusa, mita ilikuwa kwenye ndoano yake.

Mzee akapaza sauti kutoka kaunta akiwa na wageni: Chapchap, umepima?

Nikamjibu, nimepima, Mzee. Nilijibu huku nimeshachovya brashi.

Akaja kuchomeka plagi ya betri. Gari la maonyesho, plagi ya mwisho alichomeka yeye, ndiyo ilikuwa heshima yake, na plagi hiyo hukaa nje ya boksi, kwa hiyo ya ndani hakuyaona. Mkono ulimtetemeka. Akaushika kwa ule mwingine, akasukuma. Binti yake alikuwa pembeni na daftari la wageni, akamwambia, Baba, si umwachie Chapchap? Mzee akasema kwa kucheka, na hili nalo mninyang'anye? Wageni walicheka, na mimi nilicheka.

Mzunguko wa kwanza gari lilikwenda vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu dereva wa lori akapata kiburi, akaliingiza kwenye ile kona ya saruji ya kukwaruza kwa kasi, akakata usukani mpaka mwisho. Gari likanyooka. Akaachia mafuta, halikusikia. Akafunga breki, halikusikia. Lilikwenda moja kwa moja kwenye utepe wa kuwazuia watazamaji, na nyuma ya utepe alikuwa amesimama dada na daftari lake, amegeuka kumwonyesha mgeni mahali pa kusaini. Lilimpiga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Mlio wa mfupa niliusikia, na injini ilikuwa bado inanguruma.

Mzee alimbeba binti yake mpaka kwenye gari la kwenda hospitali. Kwa mikono hiyohiyo. Wote mkawafuata, wengine kwa gari, wengine kwa miguu, na mimi mkaniambia nibaki nifunge geti.

Nilifunga geti. Kisha nikalivuta gari la dereva wa lori ndani, nikafungua skrubu nane za gari la dirishani, nikatoa beki kubwa, nikafungua boksi la lile gari la ajali, nikatoa beki ndogo nikaweka kubwa. Nisije nikasema nilichanganyikiwa. Nilijua ninachofanya, tena nilikifanya taratibu, skrubu moja moja. Mimi Chapchap sijawahi kufanya kazi kwa utulivu vile maisha yangu yote. Beki ndogo niliitia mfukoni. Saa nane mchana nilikuwa hospitali nimekaa kwenye benchi na ninyi, natikisa kichwa kama mnavyotikisa.

Kifundo kilivunjika mahali pawili. Dada aliwekewa chuma. Baba yake alipoingia wodini alimwambia maneno machache, na mlango ulikuwa wazi, tuliyasikia: Baba, mikono yako hiyo, si nilikuambia? Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na maumivu, na kwa alichokiona yeye, alikuwa anasema kweli. Mzee alikaa akaitazama mikono yake imelala magotini, inacheza yenyewe.

Kesho yake alianza kulipima lile gari. Mnakumbuka. Wiki tatu, kila siku kuanzia asubuhi, mkeka, matofali, mita. Kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Mita ilimwonyesha volti tano nukta nane, haikushuka hata siku moja, na ingeshukaje wakati beki kubwa ipo ndani? Akaongeza tofali la tatu. Akaweka servo tayani. Akabadilisha nyaya. Akapima redio peke yake. Mimi niko meza ya pili, hatua mbili kutoka alipo, napiga lehemu, nauma ulimi. Kila asubuhi nilikuwa namwamkia, shikamoo Mzee, na kila asubuhi aliniitikia marahaba mwanangu.

Siku ya ishirini na moja alivua miwani akaiweka juu ya mkeka. Alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa: kila kitu kizima, basi ni mimi. Akanieleza alivyofikiri. Servo na breki vilikufa kwa pamoja, maana yake redio ilikosa umeme. Beki ni kubwa, betri nzima, nyaya nzima, Chapchap amepima. Kilichobaki ni plagi. Plagi alichomeka yeye, kwa mkono unaotetemeka, na bila shaka haikuingia mpaka mwisho. Alifuata njia sahihi hatua kwa hatua, fundi hodari kuliko wote niliowahi kuwaona, akafika mahali pasipo sahihi, kwa sababu hatua moja niliing'oa mimi. Wala hakulaumu mtu. Aliniomba radhi mimi kwa kuniharibia kazi yangu nzuri. Nilisema haina neno, Mzee.

Barua aliiandika wiki ileile. Sababu: mikono yangu imekuwa hatari kwa wengine.

Baada ya hapo ninyi wote mmeona yaliyopo. Dada amerudi kazini na fimbo; ngazi haipandi tena, ananyoosha fimbo kwenye rafu na sisi tunapanda. Asubuhi anaingia peke yake. Baba yake anaingia robo saa baadaye, na chai kila mtu ana chupa yake. Hawajagombana, afadhali wangegombana. Anamwita Baba, anamwekea kiti, lakini haketi naye. Mkewe Mzee alinisimamisha getini mwezi uliopita akaniuliza, mwanangu, wewe unayekaa naye, hakuambii chochote? Nyumbani hashiki hata kikombe mbele ya binti yake. Anasubiri atoke ndipo anywe.

Nikamwambia hapana, Mama, haniambii kitu.

Siku moja katika miezi hiyo, wakati wa chakula cha mchana, karakana tupu, nilichukua servo ya kilo arobaini nyingine, nikaifunga na ile beki ndogo niliyokuwa natembea nayo mfukoni. Mkeka, matofali, mita. Volti ziliporomoka mpaka tatu nukta moja, na redio ikazimika palepale mezani. Sijui nilitaka nini. Labda nilitarajia ionyeshe kwamba ingehimili. Nilikula chakula changu baridi, jioni nikaenda nyumbani, na siku zikaendelea hivyohivyo.

Wiki hii Mzee amekuwa anagawa vitu vyake. Kiti kimekwenda kwa fundi wa bodi. Kikombe cha daktari kinabaki na skrubu. Juzi akaniita, akanikabidhi ile mita, na waya zake amezizungusha vizuri na mpira. Akasema ameangalia karakana nzima na haoni wa kumpa zaidi yangu. Akasema: wewe unapima.

Niliipokea. Nilisema asante Mzee, na mikono yangu mimi ndiyo iliyotetemeka, yeye akafikiri ni uchungu wa kuagana, akanipigapiga bega. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga. Ndugu zangu, sina hali ya kuwaelezeni. Nimechoka na nafsi yangu. Nilitaka kumwambia mia mara, na mara zote mia nilijiambia kesho, na sasa kesho zimeniishia, imebaki Ijumaa tu.

Ninajua karatasi hii haiponyi kitu. Kifundo cha dada hakitarudi kilivyokuwa. Barua imeshapita kwa Meneja na kupigwa muhuri, na hata ikifutwa, miezi saba ya mtu kuiogopa mikono yake mwenyewe haifutiki. Mimi mwenyewe sijui nitakuwa wapi Jumatatu, na sioni kama kuna mwenye haja ya kujua. Nimeandika kwa sababu Mzee akivua koti Ijumaa akiamini anachoamini, atakufa akiamini hivyo, na dada naye atamzika akiamini hivyo. Beki ndogo iko ndani ya bahasha juu ya meza ya Meneja, pamoja na kadi ya kazi na ile mita. Mita si yangu.

Dada, fimbo hiyo umepewa na mimi. Uliyekuwa ukimnyima chai yako hana kosa. Sikuombi unisamehe, sina uso wa kuliomba hilo. Nakuomba Ijumaa ukae kwenye kiti cha karibu naye.

Mzee wetu, wafanyakazi wote wa karakana hii wanakushukuru kwa miaka thelathini na moja, kwa kila gari lililotoka hapa likijua linakokwenda, kwa taya lako, kwa maswali yako matano, hata kwa kutusogeza kwenye picha. Wanakuombea pumziko jema, afya, na nyumba yenye kelele za wajukuu. Mimi nipo kwenye orodha hiyo ya wanaokushukuru, japo sistahili kuwemo.

Uliniuliza kama nimepima, nikakujibu nimepima. Sikupima, Mzee. Na siku ile, kabla ya kufungua boksi kubadilisha beki, ilinibidi kwanza nichomoe plagi yako. Nilijaribu kwa vidole ikanishinda, nikajaribu tena ikanishinda, mwisho nikatafuta koleo. Plagi ilikuwa imeingia mpaka mwisho.